Je, Wajua? Pikipiki ya Zamani Kutoka Rundo la Spea

Je, wajua kwamba pikipiki ya kwanza ya petroli duniani haipo tena? Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliiunda Ujerumani mwaka 1885. Fremu yake ilikuwa ya mbao, injini ya cc 264 yenye nguvu ya nusu farasi, na pembeni ilikuwa na vigurudumu viwili ili isianguke. Kiti kilikaa juu ya injini, na katika safari yake ya mwanzo kikashika moto. Yenyewe iliteketea karakana ya Cannstatt ilipoungua mwaka 1903. Zote mnazoziona katika makumbusho ni nakala. Basi mtu akikucheka kwamba pikipiki yako ya kuunga-unga si orijino, mwambie hata ile ya kwanza kabisa haina orijino.

Je, wajua kwamba pikipiki zilizosifiwa kuwa Rolls-Royce za magurudumu mawili ziliunganishwa kwa vipuri vya kununua? George Brough wa Nottingham, Uingereza, alichukua injini kwa J.A.P. na baadaye kwa Matchless, giaboksi kwa Sturmey-Archer, kisha akaviunga kwa ustadi uliowashinda wenye viwanda vikubwa. Kati ya mwaka 1919 na 1940 Brough Superior zilizotoka ni kama 3,000 tu. Modeli ya SS100 ilikuja na hati ya dhamana kwamba hiyo hiyo unayokabidhiwa imejaribiwa na kufika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161.

T. E. Lawrence, yule Mwingereza wa vita vya Uarabuni, alimiliki Brough saba, moja baada ya nyingine. Mwaka 1935 alianguka na mojawapo na kufa kwa majeraha ya kichwa. Daktari Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa miongoni mwa waliomhudumia, akaanza kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki. Mwaka 1941 alichapisha matokeo yake kuhusu kofia ngumu, na jeshi la Uingereza likawaamuru matarishi wake wa pikipiki kuzivaa. Helmeti inayoning'inia kwenye usukani wa bodaboda mpaka trafiki aonekane ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Je, wajua kwamba Triton haikutoka kiwanda chochote? Ni injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton, na hapo ndipo jina lake lilipopatikana. Norton walikuwa na fremu iitwayo Featherbed, iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast na kuanza kushinda mbio za Isle of Man mwaka 1950. Triumph nao walikuwa na injini ya silinda mbili iliyochangamka kuliko ya jirani. Vijana wakaozesha.

Lakini fremu tupu za Norton zilitoka wapi? Hapa ndipo pananifurahisha. Siku hizo kulikuwa na mbio za magari madogo ya cc 500, na injini waliyoitamani madereva ni ile ya Norton Manx. Norton hawakuiuza peke yake. Mwenye gari akalazimika kununua pikipiki nzima, kung'oa injini, na fremu kuitupa kando. Fremu bora kuliko zote Uingereza zikawa zinauzwa kama mabaki.

Ace Cafe, mgahawa wa barabarani jijini London ambako vijana hao walikutana, ulifunguliwa mwaka 1938, ukabomolewa kwa mabomu ya Wajerumani, ukajengwa upya mwaka 1949, ukafungwa mwaka 1969, ukafunguliwa tena mwaka 2001. Wateja wake wa awali walikuwa madereva wa malori.

Wajua hili? Marekani ilitengeneza takriban Harley-Davidson 90,000 za aina ya WLA kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia. Vita ilipokwisha, jeshi likaziuza kwa bei ya kutupa. Askari waliorudi nyumbani wakazinunua, wakakata madigadi, wakang'oa kila kilichoongeza uzito. Mtindo wa bobber, wa pikipiki iliyopunguzwa hivyo, ulishamiri hapo.

Na zile chopa mbili za filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969, zenye uma mrefu wa mbele uliolala? Ziliundwa Los Angeles na Wamarekani weusi wawili, Ben Hardy na Cliff Vaughs, kutokana na Harley kuukuu za polisi zilizonunuliwa mnadani. Filamu ikatamba dunia nzima, majina yao hayakuandikwa. Mpaka leo wapo wanaoamini chopa ni kazi ya Wazungu tu.

Sasa tuingie kwa bingwa wa mabingwa wa kazi ya nyumbani.

Je, wajua kwamba mtu mmoja alikaa na pikipiki moja zaidi ya nusu karne akiichokonoa? Burt Munro wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, alinunua Indian Scout mwaka 1920, ikiwa ya cc 600 na uwezo wa kilomita zisizofika 90 kwa saa. Fedha za spea hakuwa nazo, kwa hiyo spea alijitengenezea. Pistoni alizimimina mwenyewe kwa metali aliyoyeyusha, akitumia makopo ya bati yaliyokwisha kazi. Konrodi alizichonga kwa mkono kutoka ekseli ya zamani ya Caterpillar, siku baada ya siku, kwa tupa. Spoku kuukuu ndiyo iliyokuwa kipimo chake cha kulinganisha unene. Vilivyopasuka hakuvitupa: alivipanga kwenye rafu, akaandika juu yake kwamba ni sadaka kwa mungu wa kasi.

Rafu ilijaa. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliipeleka pikipiki hiyo kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, injini ikiwa imekua mpaka cc 950, akaweka rekodi ya daraja la chini ya cc 1,000. Hesabu iliyorekebishwa mwaka 2014 inaonyesha alikwenda maili 184.087 kwa saa, kama kilomita 296. Filamu ya maisha yake ilitoka mwaka 2005, Anthony Hopkins akicheza kama yeye.

New Zealand hiyo hiyo ilimtoa John Britten wa Christchurch, aliyejenga V1000 katika banda la nyumbani kwake. Vipuri vya injini alivipasha moto katika tanuru ya kuchomea vyungu, na maji ya kuvipozea aliyachota kwenye bwawa la kuogelea. Zilitoka kumi tu, na zilizishinda pikipiki za viwanda katika mbio za kimataifa. Alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 45.

Haya, tuje kwetu. Wengi wanaotaka kujenga pikipiki ya mtindo wa zamani huanza kutafuta BSA au Triumph ya enzi za mkoloni, wasiipate, wakate tamaa. Je, wajua kwamba injini ya kizamani imepaki hapo kijiweni, na mwenye nayo anakuita "bosi, twende"?

Honda walikuwa na injini ndogo ya CB125 ambayo kamshafti yake ilikaa juu, kwenye kichwa cha silinda. Katika nchi ambako pikipiki hubeba magunia, oili hukaa mpaka iwe lami na huduma hungoja mpaka chombo kizime, kamshafti ile iliumia mapema. Wahandisi wakafanya jambo ambalo wahandisi hawapendi kulifanya: wakarudi nyuma. Mwaka 1976 walitoa CG125, kamshafti ikiwa imeshushwa chini karibu na krankshafti, valvu zikisukumwa kwa fito ndefu kama za injini za Kiingereza za miaka ya nyuma. Kamshafti yenyewe ina nundu moja tu, na nundu hiyo moja huendesha valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa moshi. Hakuna cha ziada cha kuharibika.

Wachina wakainakili. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabara za Afrika Mashariki zimebeba injini ya ukoo huo. Boxer ya Bajaj na TVS hazimo. Hizo zina nasaba nyingine. Lakini ukiona injini ya Kichina ya silinda iliyosimama wima, yenye fito za kusukuma valvu, unatazama mchoro wa miaka ya 1970 unaouzwa mpya, na spea zake zinapatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na katika duka lolote la mji mdogo lenye cheni zilizoning'inia mlangoni. Mwenzako wa Ulaya angelipa sana kwa urahisi huo.

Je, wajua kusoma maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa injini hiyo? Tuseme yanasomeka 156FMI. Namba 1 ni idadi ya silinda. 56 ni upana wa silinda kwa milimita, baada ya kuacha nusu. F maana yake inapozwa kwa hewa, M ni ya pikipiki, na I ni daraja la cc 125. Nyingine imeandikwa 162FMJ: silinda ya milimita 62, daraja la cc 150.

Chukua kalamu. Silinda ya milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5 hutoa cc 124. Panua silinda iwe 62, mwendo uache uleule wa 49.5, unapata cc 149. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya "mia na ishirini na tano" na "mia na hamsini" ya ukoo huo. Urefu wa mwendo haukuguswa.

Cheni nayo inasema. Katika 428, tarakimu ya kwanza ni umbali kati ya pini na pini kwa sehemu za nane za inchi: 4 kwa 8, nusu inchi, milimita 12.7. Cheni ya 420 ina umbali huo huo ila ni nyembamba zaidi, ndiyo maana fundi asiye makini anaweza kuilazimisha juu ya sproketi isiyo yake na ikagoma. Ya 520 ina umbali wa 5 kwa 8, milimita 15.875, na haiingii kabisa.

Beringi ndiyo rafiki mkubwa wa mjenzi wa nyumbani. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04 kwenda juu, zizidishe kwa 5 upate tundu la ndani. Beringi ya 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje 47, unene 14, iwe imetengenezwa Japani au Uswidi, iwe ya mwaka 1965 au ya wiki iliyopita. Kwa hiyo ukikosa beringi ya gurudumu la pikipiki ambayo kiwanda chake kilishakufa, isome namba, uende duka la beringi za pampu za maji na mashine za kusaga. Muuzaji hatakuuliza ni ya pikipiki gani. Kama ni ya ndani ya injini, angalia pia herufi C3 zinazofuata namba; hizo huonyesha nafasi zaidi ya kupanuka kwa joto, na si za kupuuza.

Kuiingiza, usipige nyundo. Aluminiamu hutanuka karibu maradufu ya chuma cha pua inapopata moto. Kasha la injini lenye tundu la milimita 52 likipashwa nyuzi 80 zaidi, tundu huongezeka kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Weka beringi kwenye friza usiku kucha, kasha kwenye oveni, na beringi itadondokea mahali pake kwa uzito wake yenyewe. Oveni iliyonuka oili kuukuu ni mjadala mwingine, wa ndani ya nyumba.

Tairi: tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzima lakini lina miaka kumi na tano limeshakauka, hata kama muuzaji anaapa.

Pistoni: juu ya kichwa chake ukikuta 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00, silinda ya pikipiki hiyo imeshachongwa, na namba ndiyo inayokuambia imebakiza nyama kiasi gani. Iangalie kabla hujatoa hela.

Je, wajua kwamba skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani si nyota ile unayoijua? Bisibisi ya kawaida inaingia, inaonekana imekaa, ukizungusha inapanda na kula kichwa cha skrubu. Za Kijapani zina kiwango chao, na nyingi zimewekewa kinukta kidogo kichwani kukujulisha. Skrubu nyingi zilizoharibika kwenye injini za zamani ziliharibiwa na bisibisi isiyo yake, si na kutu.

Pikipiki za Kiingereza zina mtego mkubwa zaidi. Joseph Whitworth aliweka kiwango chake cha nyuzi za boliti mwaka 1841, zikiwa na pembe ya nyuzi 55 wakati za milimita zina 60. Na spana zake zilipewa majina kwa kufuata unene wa boliti, si upana wa nati. Spana iliyoandikwa robo inchi ina mdomo wa milimita 13.3. Spana 13 haiingii, 14 inacheza na kukwangua kona. Hapo ndipo mafundi wengi huchukua tindo, nami sipendi kuwa karibu.

Tukae kidogo kwenye tangi, maana ndilo linalobeba sura ya pikipiki yote.

Tangi lililolala miaka kumi limeliwa na kutu kwa ndani. Je, wajua kwamba dawa yake huchimbwa Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka 1911? Jaza tangi maji, tia kijiko kikubwa cha magadi kwa kila lita nne. Ning'iniza kipande cha nondo kupitia mdomo wa tangi, kisiguse ukuta hata kidogo. Shingo ya chupa ya plastiki inatosha kukishikilia. Chukua chaja ya betri ya volti 12: waya wa hasi kwenye tangi, wa chanya kwenye nondo. Mapovu madogo yataanza kupanda, na baada ya saa kadhaa maji yatakuwa na povu la rangi ya matofali. Kutu iliyokuwa imeshika inaachia, nondo inaliwa badala yake. Ukigeuza nyaya, kitakacholiwa ni tangi.

Mapovu hayo yana haidrojeni, inayolipuka. Fanya kazi hiyo nje, sigara mbali. Na usitumie kijiko au kipande chochote cha stinlesi badala ya nondo, kwa sababu kromiamu yake huingia majini ikiwa sumu inayosababisha saratani.

Hatari zaidi ya hiyo ni kuchomelea. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Tangi lililojaa petroli lina mvuke mzito kupita kiasi ndani yake. Tangi "tupu" ndilo lenye mchanganyiko kamili wa kuua. Mafundi wazoefu huliosha mara kadhaa kisha hulijaza maji mpaka karibu na mahali pa kuchomelea, wakaacha upenyo mdogo wa hewa. Asiyefanya hivyo, usimpe tangi lako, na usisimame karibu naye.

Wajua jinsi ya kutega moto wa plagi bila mashine? Toa plagi, tumbukiza mrija wa soda kwenye tundu lake, zungusha injini polepole kwa mkono huku mrija ukipanda. Unapokoma, kabla ya kuanza kushuka, pistoni imefika juu. Moto hutakiwa nukta kidogo kabla ya hapo, na alama yake iko kwenye rota. Kwa pikipiki za pointi, bana karatasi ya sigara katikati ya pointi na uivute taratibu wakati unazungusha. Pale inapochomoka bila kuchanika ndipo pointi zinapofunguka, ndipo cheche inaporuka. Karatasi hiyo ina unene wa takriban sehemu moja ya arobaini ya milimita, nzuri kuliko jicho lolote.

Oili ya gari kwenye pikipiki? Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili ya injini. Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Wajapani waliweka kiwango cha JASO MA mwaka 1998 kwa sababu hiyo. Tafuta herufi hizo nyuma ya galoni.

La mwisho ni la karatasi. Mwaka 1993, Mfaransa Emile Leray alikwama jangwani Morocco, gari lake la Citroën 2CV limevunjika. Akalifungua, akafupisha chesisi, akaweka injini na giaboksi katikati, akaunda pikipiki kwa msumeno wa chuma na spana, bila mashine ya kuchomelea. Kazi ilimchukua siku 12. Polisi waliomkuta hawakumpigia makofi: hati za usajili zilisema gari, chombo kilikuwa pikipiki, akatozwa faini.

Kadi ya pikipiki ya Tanzania na logbuku ya Kenya zote hubeba namba ya chesisi na namba ya injini. Ukinunua injini ya mtumba, dai risiti yenye namba hiyo, na hakikisha namba haijakwanguliwa, kisha uipeleke ikabadilishwe kwenye usajili kabla hujapiga kiki ya kwanza barabarani.